Mnaogopa Waliberali, ila Mnataka Mkopo

Juzi baada ya ibada ya Kiswahili hapa Columbus, Marekani, tukiwa kwenye foleni ya pilau, mzee mmoja ninayemheshimu aliniuliza binti yangu anaomba chuo gani. Nikamtajia Oberlin, kipo humu humu Ohio. Mzee akarudisha upawa kwenye sufuria. "Mama Neema, kule si kwa waliberali? Mtoto atakuharibikia. Mtafutie chuo cha wahafidhina." Foleni nzima ikaguna kukubali.

Nilinyamaza kwa heshima ya mzee na kwa njaa. Hapa sinyamazi.

Sisi tuliotoka nyumbani Tanzania, tukiambiwa chuo cha wahafidhina, tunachokiona ni sketi ndefu, sala, na bweni la wasichana lenye matroni mkali. Si uongo. Brigham Young, chuo cha Wamormoni kule Utah, pombe marufuku, ngono nje ya ndoa marufuku, hadi chai na kahawa marufuku, na soda yenye kafeini haikuuzwa chuoni mpaka 2017. Shehe wa Tanga angesaini fomu palepale (akishameza hiyo habari ya kahawa), mpaka afike kwenye kipengele cha ndevu: mwanafunzi anyoe, na anayetaka kuzifuga kwa ajili ya dini aombe kibali.

Lakini Mmarekani akisema "mhafidhina", sketi ni kipande kidogo tu. Humo kuna kodi ndogo, kuna serikali kukaa mbali na mambo ya watu, kuna bunduki. Texas, tangu Agosti 2016, mwenye leseni anaruhusiwa kisheria kuingia chuo kikuu cha umma na bastola ndani ya koti. Tena kuna historia ambayo sisi weusi haitupasi kuisahau. Bob Jones, South Carolina, chuo cha Biblia asubuhi na jioni, hakikupokea mwanafunzi mweusi hadi 1971, na kiliwakataza vijana wa rangi tofauti kuchumbiana mpaka 2000. Hicho Oberlin mnachokiogopa kiliamua kupokea weusi 1835. Mzee wangu, wakati huo ukivuka tu mto Ohio kuingia Kentucky, mtu mweusi alikuwa anauzwa!

Najua mtakachosema. "Kashakuwa Mzungu huyo, anatufundisha." Mimi shangazi yangu namwamkia kwa goti hata kwenye simu ya video, ingawa kamera haionyeshi magoti. Wala sijaja kuwasafisha waliberali. Berkeley, ambako mwaka 1964 wanafunzi walikamatwa kwa mamia wakidai uhuru wa kusema, ndiko ambako Februari 2017 hotuba ya mchochezi mmoja wa mrengo wa kulia ilifutwa baada ya watu kuvunja vioo na kuwasha moto. Liberty, kule Virginia, ngome ya wahafidhina, Septemba 2015 walimkaribisha Bernie Sanders, seneta wa mrengo wa kushoto, wakamsikiliza kwa adabu. Sawa, kuhudhuria kulikuwa lazima. Na ni Liberty hao hao waliokifutia utambuzi chama cha wanafunzi wa Democrat mwaka 2009. Sasa hapo nani mliberali?

Wanaoniudhi zaidi ni sisi wenyewe. Vyuo vya nyumbani havikai upande wowote wa mgawanyo huu. Getini kuna bango la nguo zilizokatazwa, na kwenye hilo sote ni wahafidhina. Bumu, zile fedha za kujikimu za mkopo wa serikali, likichelewa wiki moja, sote tunataka serikali ilipe, ilishe, ilaze, na deni lenyewe isamehe. Huku mtu akisema hivyo anaitwa mliberali, hata mjamaa. Na yule mzee wa foleni ya pilau ndiye aliyekuja kwangu na fomu za FAFSA za mwanawe, nimsaidie kuomba fedha za serikali. Mhafidhina wa nguo, mliberali wa mfuko.

Halafu tulikuwa na makali yetu. Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha leo) waliandamana hadi Ikulu wamevaa majoho, wanapinga Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la lazima. Nyerere akawafukuza karibu 400, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Walter Rodney, mwanahistoria mwanamapinduzi wa Guyana, alifundisha pale, Museveni alisoma pale. Leo ukipita Mlimani utasikia mjadala gani zaidi ya bumu na sapu (mitihani ya kurudia)? "Wewe mbona hukuandamana?" Ningeandamanaje na mkopo wa serikali mfukoni na mama anayesubiri nimalize? Hiyo ndiyo hoja yangu: kinachoamua ni fedha, si mrengo.

Kwa hiyo anayetaka kunishauri aanze na ada. Kuna Berea, hapo Kentucky: chuo cha Kikristo, kilianzishwa 1855 na mpinga utumwa, kinachukua watoto wa wenye kipato kidogo, hakitozi ada, na kila mwanafunzi anapangiwa kazi chuoni. Nako binti ameomba. Habari za bweni tutauliza wakishamkubali.