Chai ya Guangzhou ni kazi jamani

Sisi wa Kariakoo tukienda Guangzhou kufuata mzigo tunaonewa sana. Ajenti wetu, kijana wa Kichina, kasema kabla ya sokoni twende tukanywe chai hoteli ya zamani kule Liwan, na mimi kunywa chai najua, chapati mbili, maharage pembeni, dakika kumi naondoka zangu. Thubutu!

Kwanza pa kukaa hakuna. Asubuhi yote ile wazee wamejaa, mtu kafunua gazeti, birika lake mbele, vikapu viwili vya mianzi, na hana haraka na yeyote mpaka adhuhuri. Tukachomekwa meza moja na bibi mmoja hatumjui. Chai ikaja, namimina ninywe, ajenti kanidaka mkono, eti hiyo ya kwanza ni ya kuoshea vikombe na vijiti! Yani chai wanachaji kila kichwa halafu vyombo nioshe mwenyewe.

Sukari hamna, maziwa hamna, ni pu'er, chai ya Kichina nyeusi tii. Ukimiminiwa unagonga meza kwa vidole ndo asante, wanasimulia eti mfalme Qianlong wa miaka ya 1700 alitembea kajificha, akawamiminia watumishi wake chai, wakaogopa kupiga magoti wasimuumbue, wakainamisha vidole. Sawa, mfalme nimemwelewa, ila mimi nagonga kama napiga hodi na bibi anacheka tu.

Misosi sasa. Kikapu kinafunguliwa, mvuke unapaa, unachungulia, vidude vinne! Watu watatu! Siu mai ni kitimoto na kamba, vile vyeupe vya kamba, har gow, navyo kwa asili vinatiwa mafuta ya kitimoto, na kuku hajui kachinjwaje, basi Haji wa watu niliyekuja naye akabaki na chai kavu, na kichwa chake kikachajiwa vilevile.

Mimi nikaletewa nini? Miguu ya kuku. Hii hii ya Buguruni! Wameikaanga, wakaipika kwa mvuke na maharage meusi ya chumvi mpaka kifupa kinaachia chenyewe mdomoni, tamu hadi inaudhi, maana nimehangaikia viza na tiketi ya ndege kuja kutafuna kucha.

Ajenti akalipa kwa simu, tii! Nikamwambia asante sana kaka, umetukirimu. Akasema usijali bosi, nimeshaingiza kwenye gharama za kontena.