Nadharia tete isiyoweza kushindwa

Katika tasnifu za wanafunzi wetu wa vyuo, ukurasa unaoniumiza ni ule wa nadharia tete, yaani dai ambalo utafiti unakusudia kulipima. "Mafunzo kazini yana mchango katika ufanisi wa wafanyakazi." Nani atabisha? Hojaji zinagawiwa, asilimia zinapigwa, na sura ya nne inathibitisha kile ambacho mwandishi alikuwa nacho mfukoni tangu sura ya kwanza. Ada ya mzazi imekwenda na hatujajua jambo jipya.

Nadharia tete ya kweli huweza kushindwa. Ili tuone inavyokuwa, hebu tuitazame malaria, ugonjwa tunaoufahamu sote.

Mwishoni mwa karne ya 19 watu wengi, madaktari wakiwemo, waliamini kwamba malaria huletwa na hewa mbaya inayotoka vinamasini usiku. Imani hiyo haikuwa ya kijinga. Waliokaa karibu na vinamasi waliugua zaidi, na usiku ndio uliokuwa wa hatari. Ushahidi wote uliiunga mkono. Tatizo ni kwamba uliunga mkono vilevile wazo jingine, kwamba malaria huenezwa na mbu. Daktari Patrick Manson wa London alimhimiza Ronald Ross, daktari wa jeshi huko India, awachunguze mbu, na Agosti 1897, huko Secunderabad, India, Ross akaona vimelea kwenye tumbo la mbu aliyemnyonya mgonjwa. Mwaka uliofuata watafiti wa Italia wakaonyesha kuwa mbu aina ya anofelesi ndiye anayemwambukiza binadamu. Bado wabishi walikuwepo.

Alichofanya Manson baada ya hapo, ningependa kila mhadhiri wa mbinu za utafiti akisimulie siku ya kwanza darasani. Majira ya joto ya mwaka 1900, madaktari Louis Sambon na George Low walihamia kwenye kibanda cha mbao huko Ostia, karibu na Roma, eneo lililosifika kwa malaria. Milango na madirisha yaliwekwa wavu wa waya. Mchana walitembea watakako. Jua likikaribia kuzama waliingia ndani, wasitoke hadi asubuhi. Hewa ya kinamasi ilipita wavuni wakaivuta usiku kucha. Kwinini, dawa ya malaria, hawakunywa. Wenyeji waliowazunguka waliugua, wao wakabaki wazima.

Mtu angeweza kusema walibahatika tu. Ndiyo maana kulikuwa na upande wa pili: mbu walionyonya damu ya wagonjwa huko Roma walisafirishwa hadi London, wakaachwa wamuume mwana wa Manson mwenyewe, kijana aliyekuwa akisomea udaktari. Homa ikampata, na vimelea vikaonekana kwenye damu yake.

Ostia palikuwa na hewa bila mbu. London palikuwa na mbu bila hewa. Nadharia ya hewa ilipewa nafasi mbili za kushinda na ikashindwa zote. Ya mbu nayo ilikuwa hatarini vilevile, maana Sambon au Low angeugua tu, Manson angekuwa na mengi ya kueleza. Kila nikiusoma mpangilio huu naona uzuri wake upya.

Modeli, yaani maelezo ya kihesabu ya jinsi jambo linavyokwenda, ni kitu kingine, ingawa wengi huichanganya na nadharia tete. Ross alikaa na hesabu, na kufikia 1911 akawa ameonyesha kwamba si lazima kuua mbu wote: wakipungua chini ya kiwango fulani, malaria hufifia yenyewe. Miaka ya 1950 mtafiti wa malaria George Macdonald akaiendeleza kazi hiyo. Kimelea huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa ndani ya mbu, kwa hiyo kuyafupisha maisha ya mbu kunafaa kuliko kupunguza tu idadi yao. Hesabu hizo zilitia nguvu upuliziaji wa dawa kwenye kuta za nyumba. Lakini modeli huacha mengi nje kwa makusudi, na yaliyoachwa huja kudai haki yake. Huko Garki, kaskazini mwa Nigeria, katika mradi wa mwaka 1969 hadi 1976, nyumba zilipuliziwa na watu wakapewa dawa. Malaria ilipungua, haikukatika. Baadhi ya mbu wa huko walipumzika nje badala ya kutua kutani. Watafiti walichapisha matokeo hayo waziwazi, na jambo hilo nalihesabu kuwa mafanikio.

Jaribio jingine lilifanyika nyumbani kwetu pwani ya Kenya, Kilifi. Julai 1993 jamii ziligawanywa kwa kura: hizi zipate vyandarua vyenye dawa, zile zibaki bila. Kura ilikuwa ya lazima, kwa sababu mzazi anayejinunulia chandarua huenda ndiye huyohuyo anayewahi kumfikisha mtoto hospitali, na usingejua nini kimemwokoa. Baada ya miaka 2, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa vimepungua kwa asilimia 33 palipokuwa na vyandarua. Namba hiyo ndiyo inayopenda kunukuliwa. Watafiti waliandika na nyingine kando yake: kiwango halisi kingeweza kuwa popote kati ya asilimia 7 na 51. Nawaomba wahariri wetu wachapishe zote mbili. Na wasimamizi wa tasnifu, tafadhali, msipokee pendekezo lolote ambalo mwandishi wake hajaandika, kabla ya kugawa hojaji ya kwanza, ni matokeo gani yatakayomfanya akubali kuwa alikosea.