Mombo si mahali pa kuchimba dawa tu

Kuna jamaa kwenye kundi letu la WhatsApp kaandika kwamba Mombo, pale kwetu mkoani Tanga, si mji, ni mahali pa kuchimba dawa, yaani basi lisimame abiria wajisaidie. Watu wakacheka. Mwingine, msomi, akaja na hoja nzito: "Nendeni mkaangalie sensa, hao watu wenyewe wako wangapi?" Hapo ndipo hasira iliponipanda. Mimi nimekulia Mombo.

Tuanze na hiyo sensa, maana imegeuzwa rungu. Ile ya 2022, iliyotuambia Watanzania ni 61,741,120, ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Sawa, lazima uwepo utaratibu, la sivyo mtu mmoja angehesabiwa Korogwe asubuhi na Same jioni. Hata waliolala gesti walihesabiwa, nakubali. Ila Mombo ni mji wa mchana. Ukitaka kujua ukubwa wake kwa kuuliza nani alilala pale, umeuliza saa mbaya.

Itazame ilivyokaa. Mgongoni Usambara imesimama wima, huwezi kujenga ukapanda nayo. Mbele tambarare ya mpunga na mkonge inaelekea mto Pangani. Katikati inapita barabara ya Segera kwenda Himo, na reli nayo imechukua sehemu yake. Basi mji umebaki kurefuka na lami, maana upana hauna. Na pale njia panda ndipo mlima wote unapomwagikia: Soni, Lushoto, Bumbuli, Mlalo. Mtu wa kule akitaka Dar, Tanga au Arusha atashuka Mombo, na mzigo wake wa kabichi, karoti na viazi utashuka naye. Huku chini unatoka jasho umekaa tu. Panda hiyo barabara ya kona kilomita thelathini na kitu, unatafuta sweta.

Shangazi yangu anauza matunda stendi. Msimu wa plamu utamkuta na beseni kichwani, anakimbia na basi linaloanza kuondoka, mkono mmoja umeinua mfuko hadi dirishani, mwingine unapokea elfu mbili. Abiria anapiga kelele anataka chenji yake, konda anagonga bodi, shangazi anarusha mia tano ndani na inamfikia mwenyewe. Sijawahi kumwona akikosea. Sasa shangazi huyu analala Soni. Anashuka na Hiace ya alfajiri, anapanda na ya jioni. Kwenye vitabu ni mkazi wa Halmashauri ya Bumbuli. Maji anayokunywa, choo anachotumia, taka anazoacha, ushuru anaolipa, vyote viko Mombo, yaani Korogwe Vijijini. Kwa mujibu wa msomi wetu, shangazi hayupo.

Na hayuko peke yake. Kuna wapiga debe, wakaanga mihogo, mafundi pancha, vijana wa bodaboda kutoka vijiji vya tambarare, akina mama wa mboga kutoka mlimani, Wamasai wa dawa na ndala za matairi, halafu ongeza mabasi ya Kaskazini yanayomwaga abiria waje wale chipsi kuku kwa dakika ishirini. Desemba, Wachaga na Wapare wakirudi kwao kula sikukuu, jaribu kuvuka barabara pale uone kama hakuna watu.

Mnaweza kusema tunagombania sifa. Hapana, ni hela. Fedha za afya zinapogawanywa kwa halmashauri, idadi ya watu ndiyo inayobeba uzito mkubwa. Umbali na umaskini vinatazamwa pia, ndiyo, lakini kichwa cha mtu ndicho kinachotangulia. Sasa gari likipinduka kwenye zile kona za kushuka kutoka Soni, majeruhi hatapelekwa alikolala usiku wa sensa. Atapelekwa panapokaribia, na panapokaribia ni Mombo. Bodaboda kagongana na lori la mkonge, Mombo. Abiria kazidiwa na presha ndani ya basi, Mombo. Plasta, dripu na nyuzi za kushonea zinatoka kwenye fungu lililopigiwa hesabu ya waliolala. Halafu mwisho wa robo mnaulizana kwa nini dawa zimeisha, eti labda zimeibwa!

Eti si mji. Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, alikataa kukaa Vugha, makao ya ufalme kule mlimani, kwenye ubaridi wa baba yake akaweka ngome yake Mazinde, hapo hapo jirani, kwa sababu alijua misafara ya biashara inapita chini ya mlima. Wajerumani nao walifikisha reli ya kutoka Tanga Mombo mwaka 1905, na kwa miaka kadhaa ndipo ilipoishia, kabla haijasogezwa Buiko na mwishowe Moshi. Hawakuuliza wangapi wamelala.

Haya, na sisi tuna yetu. Mitaro tunaigeuza jalala, mvua za mlimani zikishuka tunapiga picha za mafuriko kana kwamba takataka zimetoka mbinguni. Na ukimuuliza kijana wa Mombo aliyeko Dar anatoka wapi, atakwambia Lushoto.

Tuna hadhi ya mji mdogo kwenye karatasi, tuna vitongoji na wenyeviti wake. Sensa nyingine ni 2032, tusiisubiri. Wawekwe vijana wanne pale njia panda, wawili upande wa Soni na wawili barabara kuu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, siku ya kawaida na siku ya gulio, wahesabu wanaoshuka na wanaopanda. Posho ya vijana wanne haizidi ya kikao kimoja cha madiwani. Karatasi hiyo ndiyo ipelekwe kwenye bajeti ijayo, ibandikwe pembeni ya ile ya waliolala.