Kabla ya Kuuliza Bei ya Mashine ya Kufulia, Pima Tenki Lako

Mdogo wangu kanitumia picha ya mashine ya kufulia aliyouziwa mjini. Ya mlango wa mbele, rangi ya fedha, vitufe vingi kama ndege. Chini ya picha kaandika: "Dada, mbona inaandika namba tu, haifui?" Anakaa Kimara, hapa Dar, nyumba ya kupanga, na simtanki lao limekalia kistendi cha matofali kinachoishia kifuani kwangu. Sikuhitaji hata kuikuza ile picha. Maji hayafiki.

Kilichoniudhi ni muuzaji. Hakumuuliza neno kuhusu maji. Alichomuuliza ni, "Unataka ya kisasa au ile ya kizamani?" Sasa nani, mbele za watu, na hela ya kikoba mkononi, atasema anataka ya kizamani?

Jamani, mashine ya otomatiki haichoti maji. Inayangoja yasukumwe. Katika kile kitabu tunachokitupa pamoja na boksi huwa wameandika presha inayotakiwa: nyingi zinaanzia nusu baa, nyingine baa nzima (baa ya presha, tulia). Piga hesabu basi. Kila mita moja ya kimo cha maji inakupa takriban sehemu moja ya kumi ya baa. Kwa hiyo ili upate nusu baa, maji ya tenki yawe kama mita tano juu ya mahali mpira wa mashine unapochomekwa. Mita tano! Hicho si kistendi tena, ni mnara. Chini ya hapo mashine inafungua koki yake, inasubiri, inaona maji yanachuruzika kinyonge, inakata tamaa na kukuandikia namba ya hitilafu. Unamwita fundi, analipwa hela ya kuja kuangalia tu, halafu anakwambia ununue pampu. Pampu inafanya kazi, sikatai. Ila hiyo hela ya pampu, bomba na fundi haikuwa kwenye bei uliyotajiwa dukani. Wasomaji wa Masaki wenye pampu zao tayari, hii aya haiwahusu, endeleeni na maisha.

Halafu maji yenyewe ni ya wapi? Sehemu nyingi za Dar tunachanganya: ya bomba yakitoka, ya kisima yasipotoka, ya boza tukizidiwa. Mwaka 2022 mto Ruvu uliposhuka, mgao wa maji ulitunyoosha wote bila kubagua. Na visima vyetu vingi vina chumvi. Kachungulie ndani ya birika lako la umeme uone ule ukoko mweupe uliogandia chini. Mashine ya mlango wa mbele nayo ina hita ya kuchemshia maji ndani yake, na ukoko huohuo unaipata, tofauti ni kwamba birika unaweza kulisugua.

Hiyo hita nayo ina mambo. Ni wati 2000 hivi. Ukifua kwa digrii 60, mzigo mmoja unaweza kula kama uniti nzima ya LUKU. Kama uko kwenye umeme wa bei ya chini, ule usiotakiwa kuzidi uniti 75 kwa mwezi, mtajua wenyewe. Mashine hizi zimekulia Ulaya, ambako maji ya bomba kipindi cha baridi yanakata vidole. Sisi maji ya simtanki jeusi saa tisa alasiri unaweza kumwogeshea mtoto.

Ndiyo maana nasema bila kuona haya: nyumba nyingi za mji huu zinahitaji ile mashine ya matenki mawili, moja la kufulia, moja la kukamulia. Hiyohiyo "ya kizamani". Presha haikusumbui, mimina hata kwa ndoo. Haina hita. Umeme ukikatika unafunua mfuniko, unatoa nguo, unamalizia kwenye beseni. Ile nyingine inaweza kujifunga mlango na sare za watoto ndani, na kesho ni Jumatatu. Na mnaotumia sabuni ya unga yenye povu jingi, povu halisimamishi kazi.

Wataalamu wataniambia ya mlango wa mbele inatumia maji machache. Kweli, kwa mzigo mmoja inatumia machache. Lakini haikuachii maji yake, inayamwaga. Kwangu maji ya sabuni yanaanza na mashati meupe, yanafuata magauni na vitenge, halafu jinzi, halafu soksi za mpira za kijana wangu ambazo sitazielezea, na mwisho yanadeki baraza. Hebu niambie ni programu gani kati ya zile kumi na tano inafanya hivyo.

Haya, kasoro zake: utasimama nayo, utahamisha nguo kwa mkono, na mikono ya mashati inasokotana vibaya. Suti usiiguse.

Na wale wanaotangaza "inafua na kukausha kabisa", mashine ya kawaida inakamua tu. Nguo inatoka mbichi, kamba bado unaihitaji. Na ya kuunganisha na simu? Hapana, asante.

Kuna jambo jingine linanichoma kuliko presha. Nimeingia nyumba zaidi ya moja nikakuta mashine imefunikwa kitambaa, juu yake kuna chupa za chai, na dada wa kazi yuko uani ameinama kwenye beseni anafua mashuka ya watu sita. Ukiuliza, mama mwenye nyumba anasema, "Ataiharibu." Mikono ya yule binti imechubuka kwenye vifundo, lakini mashine ndiyo inayoonewa huruma. Ya matenki mawili ina swichi tatu za kuzungusha. Mwelekeze siku moja, mwachie, hata akiikosea kidogo ni chombo cha kazi.

Kama bado sijakushawishi, na tenki lako liko juu, na maji yako ni matamu, chukua hiyo ya mlango wa mbele. Ila kabla hujaichomeka, igeuze uangalie mgongoni. Kuna bolti ndefu, mara nyingi tatu au nne, za kushikilia pipa lisicheze safarini. Fungua zote. Ukiziacha, siku ya kwanza tu ikifika kwenye kukamua itatoka chooni yenyewe hadi koridoni, na yule yule aliyekuuliza kisasa au kizamani atakwambia hilo halimo kwenye waranti.