Vani za huku zina akili sawa, ila na nyinyi za kwenu mnazing'oa akili wenyewe

Kila nikiongea na mjomba wangu wa Kirumba, Mwanza, swali lake ni moja tu, eti ni kweli hiyo gari unayoendesha inajifunga breki yenyewe? Ni kweli anko. Na inalia ukikanyaga mstari, inalia ukizidisha spidi, inalia ikiona umeanza kuyumba kwa usingizi, inalia hata ukiweka begi zito kwenye siti ya abiria maana inadhani kuna mtu hajafunga mkanda. Niko Dublin, Ayalandi, kazi yangu ni kusambaza mizigo ya watu wanaonunua vitu mtandaoni, nimeendesha vani ya Ford Transit nimeendesha Mercedes Sprinter, na kabla ya hapo nilikuwa naendesha Hiace hapo hapo Mwanza, kwanza ya abiria Igoma mpaka Kirumba baadae ya mizigo, kwaiyo nikilinganisha silinganishi kwa kusikia.

Sasa wadau wengi tulioko majuu tukishapost picha ya dashibodi inawaka mataa tunaandika "wenzetu wako mbali" alafu inaishia hapo. Mimi sikubaliani na hiyo. Hawa wenzetu wenyewe walikuwa hawafungi hivi vitu mpaka walipobanwa. Vani ni gari ya kazi, bosi ananunua nyingi kwa mpigo, muuzaji anamuuliza unataka na breki ya kujifunga? ongeza hela, bosi anasema acha tu. Ndo maana Euro NCAP, wale wanaojulikana kwa kugongesha magari na kutoa nyota, walipoanza kuzipima vani Desemba 2020 walikuta ziko nyuma sana ya magari madogo, zingine wakaziandika kabisa kwamba hazipendekezwi, na ni za makampuni haya haya tunayoyasifia. Sheria ndo ilibadilisha. Ile ESC ya kuzuia gari isiteleze ni lazima kwa gari mpya zote Ulaya tangu Novemba 2014. Alafu Julai 2022 ikaja sheria nyingine kwa modeli mpya, na Julai 2024 ikazishika vani zote mpya zinazouzwa: kitu cha kukumbusha spidi, kitu cha kuangalia kama dereva anasinzia, sensa au kamera ya rivasi, breki ya dharura. Hakuna bosi aliyeamka asubuhi akawaonea huruma madereva.

Katika yote hayo mimi ESC naipa namba moja, na ndo hiyo ambayo hakuna mtu anaipiga picha maana haionekani. Vani ikishapakia mzigo mpaka juu, uzito unapanda, ukiingia kipleft kwa spidi kidogo na mvua imenyesha unasikia matako ya gari yanataka kwenda kwao. Zamani hapo ni wewe na Mungu wako. Sasaivi kompyuta inalinganisha usukani umeuelekeza wapi na gari yenyewe inaenda wapi, ikiona havifanani inashika breki tairi moja tu, ile inayohitajika, na inapunguza nguvu ya injini, wewe unaona kataa kadogo kamepepesa basi. Mercedes kwenye Sprinter wakaongeza tangu 2013 kitu cha upepo wa ubavuni, kinaanza kufanya kazi kuanzia kilomita 80 kwa saa, upepo ukikupiga kinashika breki tairi za upande upepo unakotokea ili usihamishwe leni. Mimi gari ikiwa tupu kwenye M50, barabara kubwa inayozunguka Dublin, alafu nalipita lori refu siku ya upepo naisikia kabisa inafanya kazi.

Na mkisema upepo ni wa Ulaya nitawashangaa watu wa ziwani. Nilipokuja likizo tulivuka daraja la Kigongo-Busisi, lile la JPM, yaani Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025, baada ya miaka yote ya kusubiri kivuko kwenye foleni sasa ni dakika chache tu, kilomita 3 juu ya maji, safi kabisa sina neno. Ila mbele yetu kulikuwa na kirikuu imebeba magodoro, yamepangwa yamepita kichwa cha gari mara mbili, yamefungwa kwa kamba ya manila, na upepo wa ziwa unayasukuma kutoka ubavuni. Unaiona gari inasogea kidogo kulia, dereva anairudisha, inasogea tena, anairudisha, utingo kakaa juu ya magodoro yenyewe kashika kamba. Dereva yule ni fundi jamani, mimi huku sijaona anayeweza ile kitu. Lakini fundi akikosea mara moja pale pembeni ni maji.

Kitu kingine ambacho kingekuja nyumbani kesho ningefurahi hakina umeme wala programu. Ni ukuta. Vani zote nilizoendesha huku zina ukuta wa bati au wavu wa chuma kati ya dereva na mzigo, umefungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari, na sakafu ina vipete vya chuma vya kufungia mikanda. Ukifunga breki ghafla ukiwa 80, gari inasimama ila gunia lililoko nyuma bado liko 80, halina habari kama umefunga breki. Mimi nimebeba lumbesa za dagaa kutoka Mwaloni kwenye Hiace isiyo na chochote nyuma ya kiti changu, kreti za soda juu yake, na juu ya kreti mtu kapanda kasema anashukia Buzuruga. Tulikuwa tunaona kawaida kabisa. Na Hiace hizi za zamani injini iko chini ya makalio yako, mbele hakuna pua, miguu yako ndo bampa, kwaiyo mbele kuna ukuta wa mwenzako unayegongana nae na nyuma kuna dagaa. Toyota wenyewe waliliona, Hiace ya 2019 waliyoitengenezea masoko ya nje wakaiwekea pua, ila hiyo kwetu bado ni ya mashirika na watalii.

Wavu wa chuma mafundi wa kuchomelea pale Mwanza wanautengeneza bila shida. Hawa si ndo wanachukua Hiace ya mizigo kutoka Japani wanakata madirisha wanachomelea siti za abiria mpaka mlangoni? Chuma kipo na mtu wa kukichomelea yupo, ila hela yote inaenda kwenye siti za ziada na muziki.

Kuhusu kamera ya rivasi sina cha kuwaambia, utingo wa Mwanza ni kamera ya nyuzi 360 yenye mdomo. Njoo njoo njoo, kata kulia, kata yote, nyoosha, bado bado, weka! Alafu anapiga bodi mara mbili. Kamera yangu inaonyesha mistari ya kijani na nyekundu, ikiingia tope haioni kitu mpaka ushuke uifute na kidole, na Ayalandi tope ni kila siku. Ila kamera ina kitu kimoja utingo hana, haipo nyuma ya gari. Mnajua ni matingo wangapi wamebanwa na magari yao wenyewe kwenye kuta za maduka na mageti ya godauni. Sisemi mtoeni kazini. Nasema asisimame pale katikati nyuma ya gari, asimame pembeni upande wa dereva anapomuona kwenye saiti mira, huo ni ujanja wa bure.

Haya tuje kwenye raha maana najua ndo mnataka kusikia. Kiti kinapanda kinashuka kinasapoti kiuno, kina moto ndani, asubuhi ya Januari unakaa unahisi kama umekaa juu ya chapati. Kioo cha mbele kina nyuzi za moto, barafu inayeyuka yenyewe. Sakafu ya mzigo iko chini, mlango wa pembeni unasukuma kwa kidole, ndani taa nyeupe kama chumba cha upasuaji. Transit Custom ya 2023 unaweza kuinunua na usukani unaolala ukawa meza, unaweka laptop au unaweka chakula unakula.

Mimi nikiuona huo usukani wa meza sifurahi hata kidogo. Maana yake ni kwamba huna haja ya kushuka kula. Kampuni moja niliyofanyia kazi ilituletea vani mpya zenye mambo yote hayo, tukapigiwa makofi, wiki inayofuata stopu za kushusha mizigo zikaongezwa kwa kila mtu kwa sababu eti sasa mnafanya kazi kwa urahisi. Mgongo ulipona, muda ukaisha. Kuna na kamera nyingine inayokuangalia wewe usoni siku nzima, inaripoti ukishika simu, inaripoti ukiangalia pembeni sana, ila foleni ya stopu iliyokufanya ushike simu haiiripoti. Nyumbani nikiendesha kiti kilikuwa sponji limekwisha nimetandika kanga ya mama, lakini saa saba tunapaki Mkuyuni kwa mama ntilie, ugali na sato, tunabishana Simba na Yanga, utingo analala chini ya gari nusu saa, hakuna mtu anakuuliza mbona gari imesimama. Kwaiyo mtu akiniuliza wapi kuna starehe inabidi nimuulize, starehe ya kiti au ya anayekikalia?

Mlio nao uzungumziwe. Ile ya spidi inasoma mabango kwa kamera na inasoma ramani, na mara nyingi havikubaliani. Februari 2025 huku walishusha spidi ya barabara ndogo za vijijini kutoka 80 kwenda 60, bango jipya limesimama pale linasema 60 na gari inasisitiza 80, siku nyingine inasoma bango la barabara ya pembeni inakulilia bila kosa. Unaruhusiwa kuizima ila ukizima gari na kuwasha inarudi, na sisi tunazima na kuwasha kila nyumba, kwaiyo madereva wengi kidole kimeshazoea, ufunguo alafu kitufe bila hata kuangalia. Kuna jamaa wananunua kile kichwa cha mkanda wa siti peke yake wanakichomeka ili gari ikae kimya. Mzungu nae ni ngosha tu, ukimlilia masikioni sana anatafuta njia.

Sasa hapo ndo naporudi kwenu. Gari za Japani zinazoshuka bandarini Dar na kupanda mpaka Mwanza nyingi zina ABS, ile inayozuia tairi zisigande ukikanyaga breki, na eabegi tayari, na za miaka ya karibuni zina hiyo ESC, Toyota wanaiita VSC. Mmezilipia, mmezilipia na ushuru. Alafu waya wa sensa ya gurudumu unakatika kwenye mashimo, au fundi kabadilisha bearing kaweka isiyo na ule mduara wa sumaku, taa ya ABS inawaka, mwenye gari anasema fundi hii taa inanikera, fundi anafungua dashibodi anabandika selotepu nyeusi kwa nyuma au anang'oa balbu. Tatizo limeisha! Wale wajanja zaidi wanaunga waya wa taa hiyo kwenye taa ya chaji ili zizime pamoja ukiwasha injini, mteja haoni kitu. Eabegi ikishalipuka mara moja kifuniko cha usukani kinarudishwa na gundi, ndani ni tupu.

Na msiniambie Bongo sheria haiwezekani. Mabasi ya mikoani LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, waliyafungia vifaa vya kuonyesha spidi, madereva walilalamika wakachakachua vingine, lakini leo dereva wa basi la Mwanza akipita 80 anajua kuna sehemu inaonekana. Mbona Fuso za mzigo na kirikuu hakuna anayeziuliza hata mkanda?

Mjomba anataka kununua Hiace ya mkononi, ya mizigo, nimemwambia rangi aachane nayo na redio aachane nayo. Aingie, afungulie ufunguo bila kuwasha injini, aangalie dashibodi. Taa ya ABS na taa ya eabegi lazima ziwake, alafu ndani ya sekunde chache zizime zenyewe injini ikiwa bado kimya. Kama gari ilikuja nazo na haziwaki kabisa, kuna mtu kang'oa. Zikisubiri zizime pamoja na taa ya chaji pale injini inapowaka, zimeungwa. Na muuzaji akianza kumwambia kwamba hii modeli hizo taa huwa haziwaki, ashuke tu aende kuangalia nyingine, Nyakato magari yapo mengi.