Noti ya dada wa soprano niliimeza mimi

Jamani hii aibu ni yangu mwenyewe sijahadithiwa. Spika za kanisani kwetu hapa Dar zilikuwa na ule mvumo, mmmmmm, watu wakinyamaza ndo unausikia vizuri, hadi kwenye sala ya kimya spika nazo zinasali. Mi nikajitia fundi, mwalimu wa kwaya we tulia, hiyo ni hezi 50 ya umeme, yaani mtetemo mara 50 kwa sekunde, nakufungia filta inakata hiyo tu zingine zote zinapita.

Filta yenyewe aina ya twini-ti, rezista za kubana umeme na kapasita za kuutunza basi. Hesabu ya hezi inayokatwa ni 1 gawanya kwa 2 pai R C, R rezista, C kapasita. Kwa kapasita ya nanofaradi 100, faradi ndo kipimo chake, kikokotoo kikataka rezista ya omu 31,831, sasa nani anauza hiyo, Kariakoo nikabeba za kilo 33, yaani omu 33,000, inaangukia kwenye hezi 48, si umeshafika hapo. Mpaka hapa niko sawa kabisa nataka mjue hilo.

Shida kapasita. Vile vidude vya kahawia kama punje ya dengu, vimeandikwa 103. Nikasoma 10 na sifuri tatu, elfu kumi, kubwa hiyo inatosha! Elfu kumi ya nini sikujiuliza. Ni piko, na piko elfu moja ndo nano moja. Yaani nano 10. Ya nano 100 huandikwa 104.

Jumapili mvumo uko palepale, ila sauti za watu ndo zimekonda, mchungaji kama anahubiri kwa simu ya kitochi. Dada wa soprano akasimama, akaivuta ile noti yake ndefu ya juu aliyoifanyia mazoezi wiki nzima, mishipa ya shingo imetoka, macho kafumba, na kwenye spika kukaja kasauti ka mbu aliyenasa kwenye chandarua halafu mmmmmm. Akagonga maiki, ikajibu ko ko. Akaimba tena. Mbu.

Nikarudia hesabu kwenye kiganja kwa hiyo nano 10: 482. Nimekata hezi 482, na noti yake inakaa hapohapo jirani.

Baada ya ibada akaja mzee mmoja fundi redio wa zamani, nikamwamkia shikamoo akaitikia huku ameshachomoa waya wa maiki, kafungua plagi, ule waya wa nje wa kusukwa, unaozuia mvumo usiingie, umebaki nyuzi mbili. Akaulehemu. Kimya.

"Na haka kaboksi ni ka nini, kijana?"

Nikamwambia ni fyuzi mzee, nikakang'oa haraka maana dada wa soprano alikuwa anakuja.