Glasgow City: timu ya wanawake isiyo na kaka

Mjadala wa soka la wanawake hauishi bila mtu kusema kwamba timu ya akina dada isiyo na klabu kubwa ya wanaume nyuma yake haifiki mbali. Kwetu Tanzania ushahidi unaotolewa ni Simba Queens na Yanga Princess. Mimi huikumbuka Glasgow City ya Uskoti, nchi ya watu wapatao milioni 5.5, na naona hukumu hiyo inatolewa haraka mno.

City ilianzishwa mwaka 1998 na wanawake wawili wachezaji, Laura Montgomery na Carol Anne Stewart. Haina timu ya wanaume. Kati ya klabu mbili kubwa za wanaume jijini Glasgow, Celtic walianzisha timu ya wanawake mwaka 2007, Rangers mwaka 2008. Karibu miaka kumi nzima, watani hao wa jadi hawakuwa na mlango wa msichana kubisha. Kuanzia 2008 hadi 2021, City ikabeba ubingwa wa ligi mara 14 mfululizo.

Wakosoaji huigeuza namba hiyo hiyo: mara 14, wanasema, ni dalili ya ligi dhaifu. Nao wana la kuonyesha. Agosti 2020, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Wolfsburg waliichapa City 9-1. Sibishi. Lakini hiyo ilikuwa robo fainali ya pili, baada ya ile ya 2015, kwa timu ambayo wengi wa wachezaji wake hawakuwa wakiishi kwa mshahara wa mpira. Na ligi ilikuwa dhaifu kwa sababu gani? Wenye viwanja na fedha walikuwa hawajaona umuhimu. Mara 14 ni miaka ambayo mtu mmoja aliilea nyumba peke yake. Erin Cuthbert na Lisa Evans walipita humo, na mwaka 2019 wote wawili walikuwa kwenye kikosi cha Uskoti kilichocheza Kombe la Dunia la wanawake kwa mara ya kwanza.

Upande wa pili una uzito wake, na uzito huo ni mshahara. Celtic na Rangers walipoanza kuajiri wachezaji wa kulipwa, mambo yalibadilika upesi. Rangers wakatwaa ubingwa 2022. Mchezaji halipi kodi ya nyumba kwa uhuru wa klabu yake.

Ila fedha za kaka, yaani klabu ya wanaume, hufuata hali ya kaka. Mwaka 2024, Reading ya England ilipobanwa na madeni, timu ya wanawake iliondolewa daraja la pili ikaanza upya daraja la tano. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo ilikuwa ligi kuu.

Mei 21, 2023, siku ya mwisho ya msimu, City walikuwa Ibrox, nyumbani kwa Rangers. Bado 0-0, na Celtic walikuwa wakiongoza mechi yao ng'ambo ya pili ya jiji. Sare ingewapa Celtic kombe. Dakika za nyongeza, Lauren Davidson akafunga. City bingwa tena.

Tangu hapo Celtic wamechukua 2024, Hibernian 2025, wote wenye klabu za wanaume. Pengo la fedha ni la kweli, na huenda likapanuka. Lakini bajeti ikikatwa City, hakuna kikosi cha wanaume cha kuokolewa kwanza.